Land Rover ya babu chini ya mshelisheli: uanzie wapi?

Kijana mmoja wa Wete ameniandikia. Barua yake nimeifupisha: "Shikamoo fundi. Babu yetu ametuachia Land Rover 109 ya petroli, Series III. Tangu afariki, miaka kumi na moja sasa, imekaa nyuma ya nyumba chini ya mshelisheli, si mbali na bahari. Wazee wanataka iuzwe chuma chakavu. Mimi nataka kuifufua mwenyewe hapa hapa nyumbani, kidogo kidogo kila nikipata. Spana za kawaida ninazo, na jirani ana mashine ya kuchomelea. Fundi mmoja ameniambia nitoe injini niweke ya dizeli ya Toyota. Mwengine kasema nianze na rangi, ili watu wa nyumbani waone kazi inakwenda. Nianze na kipi?"

Marahaba mwanangu. Gari hizi nimezishika zaidi ya miaka thelathini, Unguja na huko kwenu Pemba, na nimeziona nyingi zikifufuliwa kisha zikafa tena kabla mwaka haujaisha kwa sababu mtu alianza na injini au na rangi. Anza na chesisi. Mpaka uijue hali ya chesisi, usinunue hata plagi moja.

Gari hiyo inakudanganya kwa macho. Bodi yake si chuma. Kampuni ya Rover ilipoitoa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, na alumini ya viwanda vya ndege ipo tele. Wakaivisha alumini, na mtindo huo wakaendelea nao mpaka Series III ya babu yako, iliyotoka mwaka 1971 na kukoma 1985. Ndiyo maana baada ya miaka kumi na moja ya upepo wa chumvi bado ina umbo lake. Ukiipangusa vumbi na majani ya mshelisheli utasema hii nzima. Lakini alumini hiyo imekalia chesisi ya chuma, mihimili miwili iliyoundwa kama maboksi marefu yaliyo matupu ndani, na boksi la chuma huoza kuanzia ndani. Tope na maji ya chumvi huingia kwa matundu ya chini, tope likayaziba matundu yale yale, unyevu ukabaki humo. Kwa nje unaona rangi nyeusi, nzuri, na nyuma ya rangi hamna kitu.

Kuna na ugonjwa wa pili, nao ni wa watu wa pwani hasa. Alumini na chuma zikigusana, katikati pakaingia maji ya chumvi, panakuwa kama betri ndogo, na inayoliwa hapo ni alumini. Tazama pale bodi ilipofungwa kwa boliti kwenye chesisi, chini ya milango na kwenye kona za nyuma. Utaona unga mweupe kama chokaa ya tambuu. Ukiukwangua kwa kucha unamomonyoka, na nyuma yake bati limekuwa jembamba kama karatasi. Huo usikutie hofu sana, unarekebishika. Utakaporudisha bodi, weka kipande cha mpira baina ya metali hizo mbili na upake praima ya zinki pande zote. Ukizirudisha zikiwa tupu zinagusana, umeirudisha betri kazini.

Sasa uipime chesisi. Inyanyue gari kwa jeki, kisha uilaze juu ya magogo mazito ya mti au stendi za chuma, na chini ya magogo utandike mbao, kwani ardhi ya kivuli cha mshelisheli ni laini. Usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, wala usiweke matofali ya saruji, hayo hupasuka bila kutoa ishara. Chukua nyundo ndogo, ugonge kila shibiri moja, kuanzia mhimili wa nyuma, ule uliokingama nyuma ya gari, mpaka pembe za mbele. Chuma kizima kinalia, sauti kali, na nyundo inakurudia mkononi. Kilichooza kinajibu "du", kama umegonga gogo la mnazi lililoliwa na mchwa, na vumbi la kutu linakumwagikia machoni, kwa hiyo vaa miwani. Palipojibu hivyo, sukuma bisibisi ya zamani kwa nguvu zako zote. Ikizama, piga alama ya chaki. Tia na kidole kwenye matundu ya chini ya mihimili. Kutu ikitoka kwa tabaka tabaka, kama maganda ya kitunguu, ujue ukuta wa boksi umeshaliwa nusu hata kama nyundo haijasema kitu.

Pa kutazama kwa makini zaidi ni mhimili wa nyuma, maana huo ndio unaorushiwa tope lote. Kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi na tangi, kisha pale springi zinaposhikilia, kisha mgongo wa chesisi juu ya ekseli ya nyuma ambapo tope hukaa bila kuonekana. Ukimaliza chini, ingia ndani ya gari, unyanyue makapeti, utazame pale dereva anapowekea miguu na chini ya nguzo za milango. Ukuta ule uliotenga injini na abiria nao ni wa chuma, na hauna mbadala rahisi.

Alama zako za chaki zitakupa jibu. Ikiwa mihimili mikuu ni mizima na kilichooza ni mikono na mhimili wa nyuma, hiyo ni kazi ya nyumbani, wewe na jirani yako mnaiweza. Ikiwa mihimili mikuu imeoza pale springi zinaposhikilia, kulia na kushoto, usianze kubandika. Hapo unahitaji chesisi nyengine, ama nzima kutoka gari iliyovunjwa, ama mpya. Uingereza hadi leo wanaunda chesisi mpya za gari hizi, zilizochovywa kwenye zinki, ila usafiri wake mpaka Pemba si wa kubeza. Bora ulijue hilo leo kuliko baada ya kununua ringi na gasketi.

Nakueleza haya kwa sababu nimekosea mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimtengenezea bwana mmoja mwenye shamba la karafuu gari kama hiyo. Springi ya nyuma ya kushoto, pale inaposhikilia, palikuwa pameliwa. Nikakata bati, nikalichomelea juu ya kutu, nikapaka rangi nyeusi, ikapendeza. Baada ya miezi michache alikuwa anashuka kilima na magunia ya karafuu nyuma, springi ikang'oka. Alhamdulillahi alikuwa mwendo wa pole. Nilipokwenda kuitazama, kiraka changu kilikuwa kizima kabisa, na mshono wake mzuri. Kilichochanika ni chuma cha zamani kukizunguka kiraka, kimeng'oka chote kama kipande cha mkate. Mpaka leo nikishika mashine ya kuchomelea nakikumbuka kile kiraka.

Kwa hiyo kata. Kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa na kilicho na unene wake, kisha ndipo utie chuma kipya. Chesisi ya asili ni bati la kama milimita 2, wewe tumia la milimita 2 mpaka 3. Usitumie bati la kuezekea, ni jembamba, tena zinki yake ikiungua inatoa moshi mweupe unaomwangusha mtu kwa homa usiku kucha. Mikono ya ubavuni ibadilishe mmoja mmoja. Ukiikata yote kwa mpigo, bodi inakaa upande na milango haitafungika tena. Kabla hujakata, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya pili, uandike vipimo ukutani. Choma kidogo hapa, uhamie kule, uache chuma kipoe, kwani mshono mrefu wa mara moja huipinda chesisi.

Na moto, mwanangu. Mnyimwa bahati huchoma gari, lakini wengi niliowaona walichoma na nyumba. Usichomelee chini ya banda la makuti, na hata makuti ya jirani yatazame upepo unakokwenda. Tangi la petroli litoe kabisa uliweke mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke. Toa betri, chomoa na waya za altaneta. Weka ndoo mbili za mchanga karibu, si maji, kwani moto wa petroli ukimwagiwa maji unatambaa. Na awepo mtu mwengine anayetazama upande ambao wewe, ndani ya kofia ya kuchomelea, huuoni.

Ukimaliza kuchomelea, kazi ya ndani ya boksi ndiyo itakayoamua chesisi itaishi miaka mitatu au ishirini. Waunda vyombo wetu wanalijua jambo hili kwa mbao: jahazi hupakwa mafuta ya sifa, yale ya ini la papa, ili bahari isilile. Kwa chuma kanuni ni ile ile. Nahodha mmoja, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha ya chuma yenye kutu yakiizuia kutu isiendelee, akaunda rangi yake Marekani mwaka 1921, na kampuni ile ya Rust-Oleum ipo hadi leo. Mimi ndani ya boksi napuliza nta ya kuzuia kutu. Ikikosekana, chukua mafuta safi ya giaboksi uchanganye na grisi kidogo, chombo ukikalishe ndani ya maji ya moto mpaka mchanganyiko uwe mwepesi, usiuweke motoni. Kisha upulize kwa kompresa kupitia kila tundu, na matundu ya chini yabaki wazi ili maji yapate njia. Usitie mafuta machafu ya injini kama wafanyavyo wengi. Yana asidi, yanaharibu mipira ya springi na hozi za breki, na yakichuruzika yanashuka kwenye ardhi ambayo ndiyo mnayochotea maji ya kisima. Wala usifanye kazi ya mafuta karibu na majamvi ya karafuu. Karafuu hushika harufu.

Sasa injini. Fundi aliyekwambia utie dizeli ya Toyota si mjinga, ziko gari za namna hiyo na zinatembea. Lakini injini ya kigeni haikubali giaboksi ile bila kipande cha kuunganishia kilichotengenezwa sawasawa, inataka vishikio vipya kwenye chesisi, inataka rejeta nyengine, na mkiongeza nguvu mnaongeza na haja ya breki. Halafu karatasi za gari na injini hazitalingana tena. Ni njia ya mwisho. Ile ya babu ni ya silinda nne, lita 2.25, na sijui injini rahisi kuliko hiyo kwa mtu anayejifunza. Yote iko wazi mbele yako, mikono inapita. Kama bloku haijapasuka, ipe nafasi.

Usiipige stata. Imelala miaka kumi na moja, ringi zimeshikana na kuta za silinda. Toa plagi zote nne. Changanya dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, umimine kama nusu kikombe cha kahawa kwa kila silinda, uziache siku nne au tano, uongeze kila yakipungua. Kisha chukua hendeli. Gari hii ina tundu la hendeli mbele, na hiyo ni neema, kwa sababu mkono unahisi na stata haihisi. Sukuma kidogo, legeza, kisha sukuma tena. Ikisogea hata upana wa kucha, ishaachia. Isiposogea, ongeza mafuta ungoje, usimwite rafiki mwenye misuli. Ikianza kuzunguka, fungua kifuniko cha juu utazame vali, zote nane lazima zipande na kushuka. Iliyokwama ikisukumwa kwa nguvu inapinda fimbo yake.

Mwaga mafuta yote ya zamani, weka mapya kama lita 6, na filta mpya. Zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya mafuta izime, ndipo urudishe plagi. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.25, ya pointi za distributa 0.35 mpaka 0.40, na moto unakwenda silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Usinyonye petroli kwenye tangi la zamani. Kabureta ukiifungua utakuta utandu wa kahawia kama asali iliyogandia mtungini, hayo ni mabaki ya petroli ya babu, na tangi limejaa yale yale. Washia kwa kibuyu kidogo cha petroli safi. Rejeta itie maji ya mvua pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na maji hayo yatakula ndani ya injini vile vile bahari ilivyokula chesisi.

Injini itawaka, inshallah, na siku hiyo nyumba nzima itataka ulitie gari gia. Usikubali. Breki kwanza. Hapa sina neno la "angalia ikiwa nzima uiache". Badilisha mipira yote ya masta silinda na ya silinda za magurudumu, au silinda nzima kama ndani zimeliwa vishimo. Badilisha hozi. Bomba za chuma za mafuta ya breki zilizoona bahari usizitegemee, weka za shaba iliyochanganywa na nikeli, hazishiki kutu. Mafuta ya breki yawe ya kopo lililofunguliwa siku hiyo, kwa sababu hunyonya unyevu, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha kuyaharibu. Ukifungua drami usipulize vumbi lake wala usilipigie kompresa. Pedi za zama hizo zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi. Limwagie maji yenye sabuni, ufute kwa kitambaa, ukitupe kikiwa kibichi.

Wayaringi sitakaa nayo sana. Panya watakuwa wameshaitembelea. Jua tu kwamba kwenye gari hii waya wa kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita swichi, mweusi ni ardhi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi au chesisi, mweupe unatoka kwenye swichi, wa kijani unapita fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo. Na kabla hujamlaumu mtu kwa taa isiyowaka, safisha ardhi yake. Alumini iliyooza haipitishi umeme.

Rangi ndiyo ya mwisho. Alumini haishiki rangi ya kawaida, inataka kwanza praima ya kung'ata, ile yenye asidi, la sivyo mwakani itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Chuma ulichokisugua mpaka kikang'aa kipake praima siku hiyo hiyo. Kikilala usiku mmoja Wete, asubuhi kina rangi ya chungwa. Fanya kazi hiyo kipupwe, Juni mpaka Agosti, baada ya masika kwisha, na uanze umande ukishakauka. Kama watu wa nyumbani wana hamu ya kuona kitu, ioshe bodi kwa maji ya mvua na sabuni, na uwaite waguse mhimili wa nyuma mpya. Mzee aliyekuwa akipanda gari hiyo atakuelewa.

Kwa vipuri, kabla hujamtuma mtu Gerezani kule Dar es Salaam, nakili namba ya chesisi pamoja na herufi yake ya mwisho. Iko kwenye kibao ndani ya gari, na imepigwa pia kwenye pembe ya mbele ya chesisi, upande wa kulia, chini ya kutu. Herufi ile inabadilisha vipuri, na boti haikurudishii nauli ukileta masta silinda isiyoingia.

Na siku itakapotembea, kumbuka kitufe cha njano na kigoe chekundu sakafuni. Cha njano ukikibonyeza, magurudumu manne yanavuta. Chekundu kikivutwa nyuma kinashusha gia kwa kazi nzito, na hicho kivute gari ikiwa imesimama. Gari hii haina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami ya kwenda Chake usibonyeze cha njano. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, lami haiyaachi yateleze, na mwishowe kinachovunjika ni shafti. Kiweke kwa tope la masika na mchanga wa ufukweni, na ukitoka ufukweni uoshe chini yote, mpaka matundu ya chesisi yatoe maji safi.

Lakini hayo ni ya mbele. Jumamosi hii chukua nyundo na chaki, kisha uniandikie mhimili wa nyuma umejibu nini.